RANGI YA KUKU SI SHAHIDI

(Hotuba kwa wazee, walimu na wafugaji wa Wilaya za Ngara na Biharamulo)



Leo twataka kusema juu ya jambo ambalo kila mmoja wetu huliona uani kwake, lakini wachache hukaa wakalitafakari. Nalo ni rangi ya manyoya ya kuku, na jinsi rangi hiyo inavyotoka kwa wazazi ikawafikia vifaranga. Pengine mtu atauliza, "Rangi ya kuku yatufaa nini? Kuku ni nyama na mayai." Maneno hayo ni ya kweli, lakini hayakutimia. Rangi ya kuku huweza kuvunja ujirani, huweza kumtia mtu katika aibu ya wizi asioutenda, na huweza kumla mnunuzi fedha zake sokoni. Kwa hiyo yafaa tuijue asili yake.

Wahenga walisema, "Mtoto wa nyoka ni nyoka." Hakuna anayebisha: kuku huzaa kuku, wala hazai bata. Lakini mithali hii haikusema kwamba mtoto wa kuku mweupe ni mweupe. Hapo ndipo watu wengi hupotea.

Tuseme mtu ana jogoo mweupe na koo mweupe. Koo ameatamia mayai 12, na siku ya 21 vifaranga wanatoka. Wanapoota manyoya, 10 ni weupe na 2 wana rangi nyeusi. Jirani yake ana koo mweusi aliyekuwa akitaga vichakani, na mayai yake yalipotea. Anakuja akiona wale wawili anasema, "Hawa ni wangu. Kuku weupe hawawezi kuzaa weusi. Mayai yangu uliyaokota." Maneno yanapanda, na mwisho jambo linafika mbele ya wazee wa baraza. Je, wazee waamue nini? Wakimhukumu mwenye kuku weupe kwa sababu ya rangi tu, huenda wakamwonea mtu asiye na hatia. Wakiulizwa sababu, sharti waijue.

Sababu ni hii. Ndani ya kila chembe ya mwili wa kuku mna maagizo madogo sana ya urithi, yasiyoonekana kwa macho, yaitwayo jeni. Kwa sehemu kubwa jeni hizi hukaa mbili mbili: moja ilitoka kwa baba, na ya pili ilitoka kwa mama. Kuku naye anapozaa, hatoi zote mbili, bali hutoa moja tu, wala hachagui ipi. Basi kifaranga hupokea nusu huku na nusu huku.

Mtu wa kwanza aliyeyapanga mambo haya kwa hesabu alikuwa Gregor Mendel, mtawa wa mji wa Brno, ambao leo umo katika nchi ya Cheki. Alipanda njegere kwa miaka mingi, akazihesabu moja moja, na mwaka 1866 akachapisha aliyoyaona. Watu hawakumsikia mpaka mwaka 1900, naye alikuwa amekwisha kufa. Mwaka 1902 Bwana William Bateson wa Cambridge, Uingereza, akaonyesha kwamba sheria zile zile za njegere zawatawala wanyama pia. Na mnyama aliyemtumia alikuwa kuku. Kwa hiyo kuku huyu tumfukuzaye jikoni ni mmoja wa walimu wa kwanza wa elimu hii.

Na tuanze na mfano mwepesi. Yuko kuku aitwaye Andalusian, wa asili ya Hispania, mwenye rangi ya majivu yenye samawati. Wafugaji wa Ulaya walimpenda, wakataka awe na kizazi kisichobadilika. Lakini kila walipooanisha wa majivu kwa wa majivu, katika vifaranga 4 walipata kama 1 mweusi, 2 wa majivu, na 1 mweupe mwenye mabaka. Waliwachinja weusi na weupe, wakawabakiza wa majivu tu. Mwaka wa pili weusi na weupe wakarudi vile vile. Sababu ni kwamba rangi ya majivu haina jeni yake peke yake: hutokea jeni ya weusi inapokutana na jeni ya weupe wa mabaka katika mwili mmoja. Wanaotaka vifaranga wote wawe wa majivu, na waoanishe mweusi kwa mweupe wa mabaka! Hapo twaona kwamba wazazi wanaofanana huweza kuzaa wasiofanana, na wazazi wasiofanana huweza kuzaa wanaofanana.

Sasa tuje kwenye kuku weupe, ndipo palipo fundo la hotuba hii. Rangi ya kuku haiamriwi na jeni moja. Jeni nyingi hufanya kazi pamoja, na moja huweza kuifunika kazi ya nyingine. Ili tufahamu, tufikiri juu ya karatasi, wino na kalamu. Manyoya ya kuku ni kama karatasi. Mwili wa kuku hutengeneza wino wa namna mbili, mweusi na mwekundu, na katika hizo mbili hutoka rangi zote tuzionazo: mweusi, mwekundu, wa dhahabu, wa kahawia, na mchanganyiko wake. Je, karatasi hubaki nyeupe kwa sababu gani? Sababu ziko mbili. Ya kwanza, wino haupo. Ya pili, wino upo, lakini yuko mtu aliyeizuia kalamu isiandike. Ukiitazama karatasi kwa macho, huwezi kujua ni sababu ipi, kwa maana zote mbili ni nyeupe.

Kuku weupe nao ni wa namna hizo mbili. Kuku kama White Wyandotte ni mweupe kwa kukosa wino. Weupe huo ni wa kujificha: kuku sharti apokee jeni isiyo na wino kwa baba na kwa mama, ndipo awe mweupe. Akipata jeni moja tu yenye wino, yatosha kumpa rangi. Lakini kuku aitwaye White Leghorn, mtagaji mashuhuri, ni mweupe kwa sababu ya kizuizi. Weupe wake una nguvu: jeni moja tu ya kizuizi, kwa baba au kwa mama, yatosha kuifunika rangi. Ndani yake wino umejaa tele, ila haukupewa ruhusa kuonekana. Wataalamu wamekwisha kuzitambua jeni hizi zenyewe: ya kizuizi, iitwayo PMEL17, ilitangazwa mwaka 2004, na ile ya wino, iitwayo TYR, mwaka 2006.

Tena kizuizi hiki chashinda sana wino mweusi, lakini wino mwekundu huweza kupenya. Ndiyo maana pengine twaona kuku mwekundu mwenye mkia mweupe, mahali ambapo mkia ungekuwa mweusi.

Basi tuoanishe jogoo wa namna ya Leghorn na koo wa namna ya Wyandotte, wote weupe halisi. Watoto wao wote watakuwa weupe, maana kila mmoja amepata kizuizi kwa baba. Mwenye kuku hafikiri neno lo lote. Lakini watoto hao wamebeba mambo mengi yasiyoonekana: kila mmoja ana jeni ya wino na jeni isiyo na wino, jeni ya kizuizi na jeni isiyo na kizuizi. Wakioana wao kwa wao, kila mmoja huweza kutoa mbegu za namna 4:

Ya kwanza, ina wino na kizuizi.
Ya pili, ina wino, haina kizuizi.
Ya tatu, haina wino, ina kizuizi.
Ya nne, haina wino wala kizuizi.

Namna 4 za baba zikikutana na namna 4 za mama, tunapata mikutano 16. Kifaranga atakuwa na rangi ikiwa tu amepata wino walau mara moja, na hakupata kizuizi hata mara moja. Hesabuni, mtaona mikutano ya jinsi hiyo ni 3 tu: ya pili kwa ya pili, ya pili kwa ya nne, na ya nne kwa ya pili. Iliyobaki 13 ni weupe. Kwa hiyo katika vifaranga 16, kama 3 watakuwa na rangi, ingawa baba zao na mama zao ni weupe, na babu zao na bibi zao ni weupe pia. Katika vifaranga 12, twatazamia kama 2. Wale wawili wa ugomvi wetu hawakuhitaji mwizi.

Lakini angalieni: hesabu hii ni ya kutazamia, si amri. Nyumba moja huweza kupata 4 katika 12, na nyumba nyingine isipate hata mmoja. Ni kama mtu atupaye sarafu: hawezi kudai upande mmoja uje kwa zamu.

Kinyume chake pia hutokea. Jogoo mwekundu na koo mwekundu huweza kupata kifaranga mweupe, ikiwa kila mmoja amebeba jeni moja isiyo na wino. Hapo katika vifaranga 4, kama 1 atakuwa mweupe. Mwanamke asishutumiwe kwamba ameazima mayai, wala mtu asiseme kuna uchawi. Ni jeni iliyojificha vizazi vingi, ikakutana na mwenzake.

Liko jambo la pili la kushangaza, nalo lahusu jinsia. Kwa binadamu, mbegu ya baba ndiyo iamuayo mtoto kuwa mume au mke. Kwa kuku ni kinyume: mama ndiye aamuaye. Jogoo ana kromosomu mbili za Z. Koo ana Z moja na W moja. Koo humpa mwanawe wa kiume Z yake, na binti yake humpa W. Basi jeni yo yote ya rangi iliyomo katika Z, binti huipata kwa baba yake tu. Jeni ya mistari, kama ile ya kuku aitwaye Barred Plymouth Rock, imo humo. Ukioanisha koo wa mistari na jogoo mweusi, vifaranga wa kiume wote watakuwa na mistari kama mama yao, na wa kike wote watakuwa weusi kama baba yao. Nao hujulikana siku ile ile ya kuanguliwa, maana wa kiume huwa na doa jeupe kisogoni. Ukigeuza, ukaweka jogoo wa mistari halisi na koo mweusi, vifaranga wote, wa kiume na wa kike, watakuwa na mistari, wala huwezi kuwatenga kwa njia hiyo. Rangi ya fedha na rangi ya dhahabu nazo hufuata njia hiyo hiyo ya Z. Kwa hiyo msishangae mkiona mitetea hawafanani na mama yao hata kidogo.

Na kuku wetu wa kienyeji je? Wao ndio waliochanganyika kuliko wote. Asili ya kuku wa nyumbani ni kuku wa porini wa Asia ya Kusini Mashariki, na walifika kwetu kwa njia nyingi na kwa nyakati nyingi. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, na wenzao, katika taarifa yao ya mwaka 2001, walieleza makundi ya kuku wa kienyeji wa Tanzania, kama Kuchi, Ching'wekwe na Singamagazi, wakayapambanua kwa umbo na uzito, na hata kwa nguvu ya mwili kupambana na maradhi. Wilaya zetu nazo ni njia kuu. Kuku hununuliwa Nyakahura na Lusahunga, huvushwa Rusumo na Kabanga, huletwa kama zawadi ya harusi na kama mahari ya urafiki. Jogoo wa kijiji naye hana mpaka. Tena koo akishapandwa huweza kuhifadhi mbegu ya jogoo mwilini mwake wiki mbili na zaidi, hata mayai ya kiota kimoja huweza kuwa ya baba wawili au watatu. Basi nani awezaye kusema kwa kutazama rangi tu, "Kifaranga huyu si wa koo huyu"?

Sasa tuseme ya kufanya.

Kwanza, wazee wa baraza. Rangi ya kifaranga isipokewe kuwa ushahidi wa wizi. Waulizeni watu mambo haya: Nani aliyemwona koo akiatamia? Mayai yalikuwa mangapi, na vifaranga wangapi walitoka? Je, kuku walitiwa alama? "Kuku mgeni hakosi kamba mguuni," na mwenyeji naye yafaa awe na alama yake. Wafugaji na wawatie kuku wao pete ya plastiki au kitambaa cha rangi mguuni, kila nyumba na alama yake, na alama hiyo ijulikane kwa majirani. Kwa vifaranga, pete ilegezwe kila wanapokua, isije ikaukata mguu. Alama ya mguuni haifichiki kama jeni.

Pili, wanunuzi. Siku hizi wanauzwa kuku walioboreshwa, kama Kuroiler wa asili ya India na Sasso wa asili ya Ufaransa. Hao walijaribiwa mikononi mwa wafugaji wadogo wa Tanzania katika mradi wa taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, ILRI, ulioanza mwaka 2014. Ni kuku wenye rangi rangi, wanaofanana sana na wa kwetu kwa manyoya. Kwa hiyo mjanja aweza kukuuzia kuku ye yote mwekundu mwenye madoa, akakwambia ni Kuroiler. Rangi si cheti. Mnunue vifaranga kwa mtu ajulikanaye, na muulize walikoanguliwa. Tena kuku hao wametokana na mchanganyiko uliopangwa. Ukiwazalisha wao kwa wao, watoto watatawanyika kwa rangi, kwa uzito na kwa utagaji, kama tulivyoona kwa wale wa majivu. Usilaumu kuku, hiyo ndiyo sheria ya urithi.

Tatu, wafugaji wa kuku wa kienyeji. Msichague jogoo kwa uzuri wa mkia tu. Mchagueni kwa mama yake: alitaga mayai mangapi, aliangua wangapi, na wangapi walikua. Andikeni katika daftari. Rangi ina kazi yake, maana koo wa rangi ya majani makavu huonekana kwa shida na mwewe kuliko mweupe anayeng'aa uwanjani. Lakini rangi haimkingi kuku na mdondo. Mweupe, mweusi na mwekundu wote hufa na mdondo wakikosa chanjo. Chanjo ya matone ya jicho itolewe kwa wakati wake, kila baada ya miezi mitatu, kwa shauri la bwana mifugo au bibi mifugo.

Nne, walimu. Somo hili laweza kufundishwa bila fedha. Chukueni mifuko minne. Katika mfuko wa baba na mfuko wa mama tieni maharage mekundu na meupe, sawa kwa sawa: jekundu ni wino, jeupe ni kukosa wino. Katika mifuko miwili mingine, ya baba na ya mama, tieni mahindi ya manjano na meupe, sawa kwa sawa: la manjano ni kizuizi, jeupe ni kukosa kizuizi. Mtoto achote bila kutazama punje moja katika kila mfuko, aandike kifaranga aliyepatikana, kisha arudishe punje. Darasa likirudia mara 160, hesabu itakaribia weupe 130 na wenye rangi 30. Na shule yenye banda, imtenge koo mmoja na jogoo mmoja wiki tatu kabla ya kuweka mayai ya kuatamiwa, ili mbegu za majogoo wengine zimalizike; ndipo watoto waandike rangi za wazazi na za vifaranga, mwaka kwa mwaka. Daftari hilo litakuwa mali ya kijiji.

Wazee wetu, neno letu ni moja. Jicho laona manyoya, lakini urithi uko ndani zaidi ya manyoya. Kuku wawili weupe wanaosimama pamoja uani huweza kuwa weupe kwa sababu mbili zilizo mbali kabisa, na kifaranga wao mweusi akawa mtoto wao halali. Anayejua hivyo hatamwita jirani yake mwizi kwa sababu ya unyoya, wala hatatoa fedha zake kwa sababu ya unyoya. Tieni alama, andikeni hesabu, ulizeni mashahidi. Kisha waacheni vifaranga waje na rangi zao.